Changarawe Iliyokataa Maji

Saa saba na kitu mchana, Bi Chekeche alitoka maabara mbio. Wenzake waliokuwa wanakula kibarazani waliacha vijiko hewani. Katika miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kumwona mama yule akikimbia, hata siku tanuri la kukaushia udongo liliposhika moto.

"Njooni!" alipiga kelele, koti lake la kazi likipepea nyuma. "Njooni mwone, maji yamegoma!"

"Yamegoma wapi tena?" aliuliza dereva wa idara ya ujenzi. "Si juzi tu yametoka?"

"Sio ya bomba, wewe! Njoo uone kwa macho yako!"

Jina la Chekeche alilipata hapo hapo kazini. Mchanga ukiletwa kutoka machimboni, yeye ndiye aliyeukausha, akaumimina juu ya mnara wa machekeche saba, ya matundu makubwa juu na ya matundu madogo chini, akautikisa mpaka kila chembe ikapata nyumba yake. Kisha alipima uzito wa kilichobaki kwenye kila chekeche na kuandika. Asubuhi hadi jioni, mwaka nenda mwaka rudi. Wengine waliiona kazi ya kuchosha, lakini yeye aliipenda kama watu wanavyopenda kusikiliza mpira redioni. Alifika mahali pa kutambua chembe kwa meno: anatia punje tatu nne kinywani, anasaga kidogo, anatema, anasema, "Hii imebaki chekeche la nne." Wanapima, inakuwa la nne kweli. Halafu anacheka kicheko kinachosikika mpaka kwenye geti, ndiyo maana jina lilimkaa sawasawa.

Wiki ile alikuwa na kazi ya haraka. Mlimani, upande wa juu wa mji, kulikuwa na shimo kubwa ambamo kiwanda cha ngozi, kilichokufa zamani, kilikuwa kikitupa takataka zake mpaka likajaa. Kila mvua iliponyesha, maji yalipenya humo, yakachukua uchafu na kushuka nao chini kwa chini hadi kwenye visima vya mtaa wa bondeni. Dada mkubwa wa Bi Chekeche aliishi mtaa huo. Maji ya kisima chake yalinuka ngozi mbichi, naye alikuwa akibeba ndoo kutoka mbali, na magoti yake yalikuwa yameshamwambia basi. Safari hii idara ilikuwa imeamua kulifunika shimo lile. Kulifunika kwa kitu gani ndiyo ilikuwa hoja.

Mkuu wa idara, aliyejulikana kama Mzee Zege, alitaka zege. Mzee Zege alitaka zege kwa kila kitu. Watu walisema angeachiwa nafasi angetandika zege hata kitandani. Lakini shimo lilikuwa bado linatitia, na zege juu ya ardhi inayotitia hupasuka. Udongo wa mfinyanzi nao hupasuka jua likiwaka. Kwa hiyo injinia msichana aliyekuwa ameajiriwa mwaka ule, ambaye wote walimwita Injinia Mdogo, alimwomba Bi Chekeche apime jinsi maji yanavyopita kwenye mchanga wa kila ukubwa, pengine wangepata pa kuanzia.

Alipima. Alijaza mchanga kwenye mirija mipana ya kioo, akajaza na maji mpaka juu, akafungua chini huku ameshika saa. Changarawe ilipitisha maji kama mlango ulioachwa wazi. Mchanga mnene ukafuata. Mchanga laini ulitoa maji kwa kujivuta, kama mtoto anayetumwa dukani wakati wa katuni. Hakukuwa na jipya. Kila mtu angeweza kukisia.

Ila mirija ilimwishia. Asubuhi ile alikuwa na changarawe kavu nusu mrija, na mchanga laini uliobaki kwenye sinia. Akasema isiwe taabu, akaumimina ule laini juu ya changarawe ili auhifadhi, akauweka mrija kwenye beseni, akaenda kupokea sampuli nje. Hakukumbuka kwamba bomba la juu ya beseni lile lilikuwa linadondosha tone moja moja. Mumewe alikuwa fundi bomba anayeheshimika mji mzima, na bomba la kazini kwa mkewe lilikuwa linavuja huu mwezi wa tatu sasa.

Aliporudi baada ya saa nne, mchanga laini ulikuwa umelowa kuanzia juu mpaka chini, mweusi kama kahawa. Na pale mchanga ulipokutana na changarawe, weusi ulikuwa umekatika kama umepigiwa rula. Chini ya mstari ule changarawe ilikuwa nyeupe, kavu, ina vumbi. Saa nne za matone, na hakuna hata moja lililoshuka.

Ndipo alipokimbia.

Watu walijaa maabara. Dereva aligonga kioo kwa kucha. "Labda pameziba," alisema.

"Pamezibwa na nini? Changarawe ndiyo inayopitisha maji kuliko zote! Nimeipima jana kwa mikono yangu hii!"

Injinia Mdogo alifika wa mwisho, bado anatafuna. Aliinama mpaka pua ikagusa kioo. Kisha akamshika Bi Chekeche mabegani.

"Mama," alisema, "hiki kitu nilifundishwa darasani, nikakikariri, nikajibu mtihani, nikasahau. Sijawahi kukiona!"

"Basi nieleze, mwanangu, kabla moyo haujasimama."

Injinia Mdogo alichukua kitambaa cha kufutia meza, akakilowesha, akakikamua nusu, akakitandaza juu ya kokoto tatu. "Kinadondosha?"

"Hakidondoshi."

"Lakini kimelowa?"

"Kimelowa."

"Kwa sababu kitambaa kina vijinafasi vidogo sana, na vijinafasi vidogo vinang'ang'ania maji. Mchanga laini ni hivyo hivyo. Jana uliijaza mirija maji mpaka juu, kila nafasi ikajaa, na hapo njia pana ndiyo inayoshinda. Leo mchanga haujajaa, umelowa tu, ndani kuna maji na hewa. Maji hayo yanatembea kwa kushikilia chembe, kutoka kijinafasi hadi kijinafasi. Yakifika kwenye changarawe yanakuta mapengo makubwa yenye hewa. Hakuna cha kuyavuta. Yanabaki yaliko."

Bi Chekeche alitazama mrija kama mtu aliyeambiwa jirani yake wa miaka yote anajua kuruka angani. Miaka ishirini na miwili anazitenga chembe kubwa na ndogo, na kumbe kubwa na ndogo zikikutana zikiwa nusu kavu, ile njia pana inageuka ukuta!

"Na tukizidisha maji?"

"Mchanga utakaribia kujaa, utashindwa kuyashika, na changarawe itapokea kwa mkupuo."

Alifungua bomba zaidi. Walisubiri wote, hakuna aliyerudi kwenye chakula chake. Mara tone la kwanza likapenya mstari, la pili, halafu changarawe ikameza maji kwa kishindo. Chumba kizima kilishangilia kana kwamba limefungwa bao.

Jioni alimsimulia mumewe akiwa bado na vumbi kwenye nyusi. Fundi bomba alikuwa anakata nyuzi za bomba alilolibana kwenye jiliwa lake uani. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu lile tabasamu lake la kuudhi.

"Mama watoto, mimi nimefanya kazi na maji maisha yangu yote. Maji hayana mambo mengi. Bomba pana, maji mengi. Bomba jembamba, maji kidogo. Ukiyapa njia, yanashuka."

"Hayashuki!"

"Yanashuka."

"Tuwekeane dau. Ukishindwa, unaosha vyombo mwezi mzima."

"Na ukishindwa wewe?"

"Sishindwi," alisema, akaingia ndani.

Wazo la kuinamisha lilimjia siku ya pili, akiwa anaanika koti lake la kazi na kuona maji yanavyofuata mkunjo wa kitambaa badala ya kudondoka. Kama mchanga laini unakataa kuachia maji yaende chini, je, ukilazwa kwa mteremko? Si yatatembea ndani ya mchanga wenyewe, kwa upande, hadi yafike pembeni? Basi shimo lingefunikwa na changarawe chini, mchanga laini juu, kwa mteremko, na mvua ingeondoka bila kugusa uchafu!

Injinia Mdogo alipomsikia aliruka. Seremala wa idara aliwatengenezea sanduku la urefu wa hatua nne, upande mmoja wa kioo, na visanduku vidogo vya kupokea maji chini yake, ili wajue yanavujia wapi. Walitia changarawe, wakatandaza kitambaa chembamba cha kuzuia mchanga usiingie katikati ya mawe, wakatia mchanga laini juu, wakainamisha, wakanyunyizia kwa mikebe ya kumwagilia maua.

Upande wa juu ulikuwa mkavu chini, safi kabisa. Katikati, mkavu. Bi Chekeche alikuwa ameshaanza kuimba. Halafu, karibu na mwisho wa mteremko, changarawe ikaanza kulia. Tone, tone, halafu mfululizo. Visanduku vya mwisho vikajaa.

Mzee Zege alikuwa anapita na kikombe cha chai. "Nilisema mimi," alisema. "Zege." Akaendelea na safari yake.

Injinia Mdogo alikaa chini sakafuni. Lakini Bi Chekeche alikuwa amepiga magoti pembeni ya kioo, anafuata rangi ya mchanga kwa kidole. Juu ulikuwa kahawia hafifu. Ukashuka, ukakolea. Chini kabisa ulikuwa mweusi tititi.

"Mwanangu, simama," alisema taratibu. "Ni sawasawa na watu wanaoshuka barabarani kutoka uwanjani. Kila kichochoro kinaongeza wengine. Kule juu wanapita kwa nafasi, kule chini wanakanyagana. Mchanga wa chini umebebeshwa maji ya wote. Umejaa. Si lazima tuutupe. Tuufupishe mteremko!"

"Tuukate vipande," alidakia Injinia Mdogo, macho yamemtoka. "Ngazi ngazi! Kila ngazi itoe maji yake kabla haijajaa!"

"Na huo mchanga laini mno, hapana. Unashika maji, lakini unayatembeza kwa kujikokota. Nataka wa chekeche la tano. Unayashika, na bado unayatembeza."

Walijaribu la nne, la tano na la sita. Walinyunyizia, wakapima, wakaandika. La tano liliyapeleka maji mbali kuliko ndugu zake wote. Bi Chekeche alijisikia kama mama ambaye mtoto wake ameitwa jukwaani.

Kilichobaki kilikuwa kuyatoa maji mwishoni mwa kila ngazi, na hapo alijua pa kwenda. Jumamosi alimleta fundi bomba. Alikuja na bomba la plastiki alilolitoboa matundu kwa ufundi mkubwa, akalifukia kwenye mchanga mwishoni mwa ngazi, akajifuta mikono.

"Hapo sasa. Maji yataona matundu, yataingia. Mtanishukuru."

Walinyunyizia. Mchanga uliolizunguka bomba ulilowa chepechepe, mpaka ukang'aa. Ndani ya bomba, kavu. Fundi alilala kifudifudi akachungulia na tochi. Kavu. Alipuliza ndani. Alilichomoa, akayakagua matundu, akalirudisha. Kavu!

"Mchanga umeninyima maji!" alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa mchana kweupe. "Mimi! Yako hapa, nayagusa, na hayataki kuingia!"

Bi Chekeche alicheka mpaka akashika ukuta. "Tundu lako ni kubwa, baba watoto. Kwake hilo ni changarawe tu. Halina cha kuyavuta."

Fundi aliketi juu ya ndoo, akaanza kuchora bomba vumbini kwa kidole. Mkewe aliijua dalili hiyo. Alikuwa ameshaacha kubishana na ameanza kufikiri. "Umesema yanashikwa kwa sababu mchanga haujajaa?"

"Ndiyo."

"Basi tuujaze. Hapa mwisho tu, hatua moja. Tunatandika nailoni nzito chini ya mchanga, tunaipandisha ukingo kama sinia. Maji yakifika yanakwama, yanajikusanya, mchanga unajaa. Ukijaa, unaachia. Bomba langu linapokea, linapeleka nje."

Injinia Mdogo alimtazama, akamtazama mkewe. "Mlioana wapi nyinyi?"

Walitandika nailoni. Walinyunyizia. Ilichukua karibu saa nzima, na hakuna aliyeondoka. Kisha bomba likakohoa, likatoa tone, likatoa uzi wa maji, likaanza kutiririka kwenye ndoo, na chini yake changarawe yote, kuanzia juu mpaka mwisho, ilikuwa kavu. Fundi bomba alirusha kofia yake juu. Mwezi mzima baada ya hapo aliosha vyombo, tena akiimba, akimweleza kila mgeni kwa nini bomba lenye matundu linaweza kulala katikati ya mchanga wa maji lisipate hata tone.

Mzee Zege aliitwa kuangalia. Hakutaka mikebe ya maua. Alivua koti, akachukua ndoo, akamwaga mwenyewe, ndoo moja, mbili, tano, kwa kipimo cha mvua kubwa kuliko zote zilizo kwenye kumbukumbu za idara. Jasho lilimtoka. Halafu alipiga magoti na suruali yake iliyopigwa pasi, akafungua visanduku vya chini kimoja kimoja, akaingiza kidole. Kwenye cha mwisho alitoa kidole kina vumbi jeupe, akakitazama kwa muda.

"Bi Chekeche," alisema, "unahitaji mchanga wa chekeche la tano kiasi gani?"

"Malori sitini, mzee."

"Nani atauchekecha?"

"Nipe watu na machekeche makubwa. Mimi nitawaonyesha."

Kazi ilichukua miezi mitatu ya kiangazi. Shimo lilivalishwa changarawe, kitambaa, na mchanga, ngazi kwa ngazi, na mwishoni udongo kidogo wa majani juu ya yote, jua na upepo visiuchezee mchanga. Bi Chekeche alisimama mlimani na kofia ya chuma inayomzidi ukubwa, akirudisha malori. "Huu wa chekeche la tatu! Geuza! Unataka kuniharibia nyumba?" Madereva walimwogopa kuliko askari. Katikati ya shimo waliacha bomba pana la wima, lenye mfuniko, linaloshuka mpaka ndani ya changarawe, ili siku moja mtu aweze kuangalia.

Siku hiyo ilikuja na mvua yake. Ilinyesha siku tatu mfululizo, mvua ya kufunga shule. Siku ya nne asubuhi, ikiwa bado inamwagika, walipanda mlimani: Bi Chekeche, mumewe, Injinia Mdogo, Mzee Zege chini ya mwavuli, na dada mkubwa ambaye alikataa katakata kubaki nyumbani. Magoti yake yalimuuma kila hatua, na kila hatua alisema, "Siwezi kukosa hili."

Mabomba ya pembeni, yote tisa, yalikuwa yanatapika maji safi kwenye mfereji. Fundi aliyahesabu kwa sauti. Hayo yalikuwa mazuri, lakini hayakuwa jibu. Jibu lilikuwa chini ya mfuniko.

Fundi aliufungua, Mzee Zege akaushikilia mwavuli juu ya tundu kwa mikono miwili, akalowa yeye. Injinia Mdogo alishusha kikombe cha chuma kwenye kamba ndefu, kikagota chini, akakiburuza kikachota, akakipandisha. Bi Chekeche aliingiza mkono ndani ya kikombe.

Aliutoa mkono, akaufungua mbele yao wote. Kiganjani kulikuwa na punje tano za changarawe na vumbi. Vumbi kavu, katikati ya mvua ile yote!

Alipiga kelele ambayo mtaa wa bondeni waliisikia. Injinia Mdogo alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Dada mkubwa, ambaye hakuwa ameelewa habari za chembe hata mara moja, alielewa vumbi. Alimkumbatia mdogo wake wakayumba, wakaanguka wote wawili kwenye majani yaliyolowa, na hakuna aliyeharakisha kuinuka.

Visima havikupona mara moja. Uchafu uliokwisha kushuka ulihitaji muda, na dada mkubwa alibeba ndoo zake mwaka mwingine mzima. Lakini msimu wa pili wa mvua harufu ilipungua, na wa tatu wataalamu wa afya walikuja na chupa zao, wakapima mara mbili, wakampa karatasi ya maji salama. Siku hiyo alichota maji uani kwake, akampelekea kila jirani kikombe, akisimama mlangoni mpaka kimalizwe.

Bi Chekeche alipewa chumba chenye mlango wake na meza. Chumba alikitumia kuhifadhia mchanga. Idara nyingine zilianza kutuma watu wao kujifunza, na mafunzo ya kwanza aliyafungua yeye mwenyewe, mbele ya mainjinia kumi na wanne. Mzee Zege alikaa mstari wa mbele na daftari jipya. Maelezo yalipoisha alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Na mahali ambapo mvua ni ndogo lakini hainyamazi, wiki nzima? Chekeche la tano litatosha, au tuchanganye?"

Bi Chekeche hakujua, na kutojua kule kulimsisimua mpaka vidoleni.

"Hilo bado hatujalipima, mzee," alisema, huku ameshaanza kuvaa koti lake la kazi. "Nyinyi wawili wa nyuma, leteni sanduku. Wewe mwenye shati la bluu, jaza maji. Nani ana saa?"